Rebmann wa Rabai na Darasa la Watu Wachache



Mwezi uliopita nilikaa na karatasi za matumizi ya kila idara. Kabla ya kuitwa kwenye huduma nilisomea biashara, wazee wanajua, ndiyo maana karatasi hizo huishia mezani kwangu. Nilipofika kwenye darasa la kusoma la Jumamosi, lile la watoto huku nyuma ya kanisa, nilichora mstari mwekundu. Watoto sita. Wiki nyingine wanne. Kuna chaki, chai, madaftari, nauli ya mwalimu. Kuna pia msaidizi wa darasa, ambaye halipwi hata shilingi. Ni dada yetu kutoka Bujumbura aliyemfuata mumewe hapa Mombasa. Yeye huchonga penseli, hukaa chini karibu na yule mtoto anayechelewa, na humwonyesha herufi kwa kidole. Kiswahili chake watoto wanakicheka, naye anacheka nao. Kwa hesabu zangu, hata kazi ya bure ilikuwa ghali kwa watoto sita.

Usiku ule ule nilikuwa natayarisha somo la misheni, na somo lenyewe lilikuwa juu ya Johannes Rebmann. Nilidhani namjua. Kila mtoto wa shule Kenya anamjua: ndiye mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro. Nilipanga kuanzia hapo na kumalizia hapo. Kumbe ule mlima ni miezi michache tu katika miaka yake 29 huku kwetu.

Alizaliwa Gerlingen, kusini mwa Ujerumani, tarehe 16 Januari 1820, katika familia ya wakulima. Akasomea umisionari Basel, Uswisi, kisha London, katika chuo cha CMS. Mwezi Juni 1846 akashuka Mombasa. Msifikirie Kilindini. Kilindini hakukuwa na bandari ya meli kubwa wakati huo. Mji ulikuwa huu tunaouita leo Mji wa Kale, na vyombo vilitia nanga upande wa Ngome, kwenye bandari ya majahazi. Mtawala alikuwa Sayyid Said aliyekaa Zanzibar. Aliyempokea Rebmann ni Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma, 1844, alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga upande wa pili wa maji, huko Nyali. Fikiria kijana wa miaka 26 anapokewa kazini na mwenzake mwenye msiba wa namna hiyo.

Miezi miwili haikupita kabla homa haijamkamata. Tarehe 25 Agosti 1846 wawili hao walihamia Rabai, wote wakiwa wagonjwa. Leo unapanda matatu mpaka Mazeras, unapinda, umefika. Wao walipita kwa mashua kwenye mkono wa bahari, kisha wakapanda vilima kwa shida, mwili ukiwaka homa. Hivyo ndivyo kituo kilivyofunguliwa: wagonjwa wawili, nyumba ndogo, na watu ambao hawakuwa wamemwita mtu.

Walifungua darasa. Sasa hapa ndipo nilipoanza kusoma polepole. Wanafunzi walikuwa wachache, na walikuja walipotaka. Tena mwalimu mwenyewe alikuwa hajui lugha! Watu wa Rabai (wakati huo wakiitwa Wanyika, leo tunasema Mijikenda) walizungumza Kirabai, mjini kulizungumzwa Kiswahili, na Rebmann alikuwa na Kijerumani chake na Kiingereza cha kujifunza. Kabla ya kumfundisha mtoto neno moja ilibidi amwombe mtoto maneno kumi. Mgeni nchini, mkubwa wa umri, kalamu mkononi, akimwuliza mtu kitu hiki kinaitwaje. Nimewahi kumwona dada yetu wa Bujumbura akifanya hivyo hivyo, akishika kifutio.

Mlima nao tuupite haraka. Tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri wa Mombasa, na mwavuli wake mkononi badala ya bunduki, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita weupe ule baridi, kwa kuwa hakuwa na jina lingine. Rebmann akaelewa. Alipoandika, wataalamu wa ramani London walimcheka: theluji karibu na ikweta! Safari ya tatu, 1849, mtawala wa Machame alimnyang'anya mali karibu yote aliyobeba, akarudi pwani amedhoofika. Hakwenda tena.

Lazima niseme ukweli kuhusu Krapf na Rebmann, maana mtu wa biashara ndani yangu alichagua upande mara moja. Krapf alikuwa na mpango. Alitaka vituo vya misheni vipangwe kama mnyororo kutoka pwani yetu kukatiza bara mpaka upande wa magharibi. Huo ni mpango unaoweza kuuweka kwenye ukuta na kuuchangishia. Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja, ajue lugha vizuri, aandike maneno. Kama mimi ningekuwa ofisini London, Krapf ningempa pesa. Rebmann ningemwuliza ripoti iko wapi.

Krapf aliondoka 1853, afya imeharibika. Mwenzao Jakob Erhardt akaondoka 1855. Rebmann akabaki. Alikuwa na mkewe Emma, waliyeoana 1851 kule Misri. Mtoto wao wa pekee alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke, wakijiandaa kwa safari ya bara, walipanda Rabai kumwona. Aliombwa awe msafiri mwenzao, naye hakwenda. Wale wakaenda, vitabu vikaandikwa, dunia ikawajua. Rebmann akarudi kwenye daftari lake.

Katika daftari hilo kulikuwa na mtu mmoja ambaye sijamsikia akitajwa kwenye mahubiri yoyote. Aliitwa Salimini, mtumwa aliyetolewa pande za Ziwa Nyasa na kuletwa pwani yetu. Kuanzia 1853 Rebmann alikaa naye, akiandika lugha ya kwao neno kwa neno. Nchi ya Salimini Rebmann hakuifikia maisha yake yote, na hakuwa na darasa huko wala waumini. Ni mtu mmoja anasema, mwingine anaandika. Nani alikuwa mwalimu hapo? Mwanafunzi alikuwa ni mwenye mafunzo ya Basel na London, na mwalimu alikuwa mtu aliyeuzwa.

Matunda ya kuhesabika yalikuwa madogo mno. Wa kwanza kubatizwa kule Rabai alikuwa Mringe, mlemavu, ambaye alifariki muda mfupi baadaye. Halafu Abe Gunja. Halafu unahesabu kwa vidole, miaka inapita. Sisi Wapentekoste tungesema kuna tatizo la kiroho, tungefunga na kuomba siku 21, na mchungaji tungembadilisha. Naandika hivi nikijua ni mchungaji gani angependekeza hivyo kwenye kikao.

Mwaka 1864 alipata wasaidizi. Hawakutoka Ulaya. Walitoka Nasik, India: Waafrika waliokamatwa wakiwa watoto, wakaokolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakalelewa na kusomeshwa na misheni huko. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler, pamoja na wake zao. Jones alikuwa fundi wa chuma. Hebu waangalie vizuri. India ilikuwa ugenini kwao, na Rabai pia ilikuwa ugenini, kwa sababu kwao hasa, Jones akiwa Myao, ni mbali kusini. Ndio waliokuja kumsaidia mzungu ambaye macho yalikuwa yameanza kumwisha. Mnamo 1885 hao wawili waliwekewa mikono na Askofu Hannington kuwa mashemasi. Darasa lililokuwa likilegalega lilipata mikono ya watu waliojua maana ya kuwa mtoto asiye na nyumbani.

Emma alifariki 1866. Rebmann hakurudi Ulaya kupumzika. Akazidi kuwa kipofu na, wasomaji wa habari zake wanakubaliana, akazidi kuwa mtu mgumu kuishi naye. Sitaki kumpaka rangi. Vitabu alikataa kuvitoa kwa sababu kila mara aliona bado kuna kosa la kusahihisha. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza kuhusu biashara ya watumwa, alipanda Rabai na kukuta mzee karibu haoni, na kundi dogo la waumini wapatao kumi na kitu. Baada ya ziara hiyo CMS iliamua kuanza upya kwa nguvu, karibu zaidi na kisiwa. Ndipo Frere Town ikazaliwa, ile ambayo kengele yake imewapa makanga jina la kuitia, Kengeleni. Ukisoma kama mhasibu, Rabai ilikuwa tawi lililoshindwa.

Mwaka 1875 ilibidi aondoke. Kipofu hasafiri peke yake kutoka Mombasa mpaka Ujerumani, basi alihitaji mtu wa kumshika mkono. Aliyekwenda naye ni Isaac Nyondo, mtoto wa yule Abe Gunja. Mtoto wa kundi lile lile la vidole vya mkono. Nilisimama juzi pale bandari ya majahazi, kabla ya mvua, nikijaribu kuwaona: mzee wa miaka 55 aliyekuja huku akiona mpaka theluji ya mbali, sasa anauliza ngazi iko wapi, na kijana wa Rabai anamwambia anyanyue mguu. Kule Ulaya mgeni sasa alikuwa Nyondo. Baadaye Nyondo alirudi Rabai kufanya kazi ya Injili kwa watu wake.

Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876, karibu na rafiki yake Krapf. Mwaka huo huo Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapishwa. Mwaka 1877 Krapf alitoa kamusi ya maneno ya Salimini. Na kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf, iliyotoka 1882, ilibeba pia jasho la Rebmann. Hakuna hata kimoja alichokiona.

Karatasi ya matumizi niliirudisha kwa kamati Jumanne. Ule mstari mwekundu nimeufuta, ingawa alama yake inaonekana bado. Darasa lipo Jumamosi saa tatu asubuhi kama kawaida, nyuma ya kanisa. Dada yetu anasema penseli zimebaki nne, na kichongeo kimevunjika.