Al-Khalil bin Ahmad, bingwa wa kutafuta maneno

Makala yetu ya leo inamhusu Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, mwanazuoni ambaye sisi Waswahili tunafaidika naye bila ya kumtaja. Tunaposema shairi hili ni la bahari fulani, neno hilo tumelipata katika elimu ya arudhi aliyoiasisi yeye, alipoyagawa mashairi ya Kiarabu katika bahari 15. Ya 16 iliongezwa baadaye. Hata irabu tulizofundishwa chuoni tukiwa watoto zinatokana na alama alizobuni yeye, badala ya nukta za rangi zilizotumika kabla yake.

Alizaliwa mwaka 718, na wengi wanasema ni Oman, katika kabila la Azd. Maisha yake ya elimu yalikuwa Basra, nchini Iraq, ambako Sibawayh, imamu wa sarufi, alikuwa mwanafunzi wake. Aliishi maisha ya kimaskini. Inasimuliwa kuwa liwali wa Ahwaz alimwita akakae kwake, naye akamwonyesha mjumbe kipande cha mkate mkavu, akasema kinamtosha.

Leo tunataka kukaa zaidi kwenye kamusi yake, Kitab al-Ayn. Wanaojifunza kuandika programu za kompyuta hupenda kuanza na zoezi la kutengeneza chombo kidogo cha kutafuta maneno ndani ya maandishi. Kusoma kurasa zote upya kila mtu anapouliza ni kazi bure. Kwanza hutengenezwa faharasa: kila neno na orodha ya kurasa lilimo. Hapo yanazuka maswali mawili: neno ni lipi hasa, na lipangwe wapi? Al-Khalil aliyakabili zaidi ya miaka 1,200 iliyopita.

Jawabu lake la kwanza lilikuwa mzizi. Alivua herufi za ziada, akabaki na herufi za asili. Kisha akazigeuza kwa kila namna: herufi mbili hutoa sura 2, tatu hutoa 6, nne 24 na tano 120. Sura zote akaziweka mahali pamoja, akionyesha zipi Waarabu wanazitumia na zipi wameziacha. Kwa njia hii hakungoja neno limjie. Alijua mapema mahali pa kulitafuta.

Jawabu la pili lilikuwa mpangilio wa herufi kufuata zinapotoka, kuanzia kooni hadi midomoni, akianza na ain. Tuchukue Ghulail, mtaa wa kusini mwa Jeddah unaojulikana sana na Waafrika wanaoishi mji ule. Ukiondoa ya, hubaki ghaini na lamu iliyokaririwa. Ghaini ni ya tano kwake, basi litafute hapo. Jeddah iko kwenye jimu, ya nane. Riyadh ndiyo inayomchanganya mgeni: inaanza na ra, lakini mzizi wake ni ra, wau na dhadi, na dhadi hutoka ndani zaidi. Kwa hiyo iko kwenye dhadi, ya kumi.

Hapo ndipo tunapoona udhaifu wa kazi yake. Mpangaji alistarehe, mtafutaji akataabika, na kamusi za baadaye zikarudi kwenye alifu, be, te.

Hata hivyo swali la mzizi halijaondoka, na kwa Kiswahili ni gumu vilevile. Programu inayolinganisha herufi tu, ukiitafutia soma, itakosa wasomi na kusomesha. Ukiiamuru ikate viambishi ovyo, kitabu na vitabu vitakutana, lakini vyote viwili vitageuka tabu! Na hiyo ki ya kitabu ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, Al-Khalil asingeigusa.

Kuhusu nani aliyeikamilisha kamusi hiyo, wanazuoni wamebishana tangu zamani. Wengi wanaona mpango ni wa Al-Khalil, na sehemu kubwa ya uandishi ni ya mwanafunzi wake Al-Layth, huko Khorasan. Mwenyewe alifariki Basra kati ya mwaka 786 na 791. Inasimuliwa kuwa alikuwa akifikiria njia nyepesi ya hesabu, ili hata kijakazi akienda dukani asipunjwe na muuzaji. Akaingia msikitini na mawazo yake hayo, akajigonga kwenye nguzo, na hiyo ikawa sababu ya kifo chake.