Mwenda Jean Bosco: vidole viwili tu, gitaa zima!

Wadau wa Musoma, Bunda na Butiama mnaohangaika na gitaa, huyu mzee mumjue. Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey akamrekodi Jadotville (siku hizi Likasi), na wimbo Masanga ukamtangaza mbali. Mkono wa kulia alitumia vidole viwili tu: gumba linashika besi, cha shahada kinapiga melodi. Si mchezo! Ukikariri kodi peke yake hapo utakwama, lazima ujue kila noti ilipo kwenye shingo. Anza na C: uzi wa tano, bonyeza nyuma ya chuma cha tatu. Kisha itafute kwenye nyuzi nyingine, polepole. Bosco alifariki 1990, ajali ya gari, Zambia. Masanga bado unawatoa watu jasho.