Fumo Liyongo, bwana wa saa zake

Hapa Garsen wengi wetu hatuna kengele ya kazi. Wa bodaboda pale Minjila hungoja basi la Mombasa au la Lamu, na likichelewa naye huchelewa. Mkulima wa mpunga kule Ozi huamka bahari inapojaa na kuusukuma mto uingie mashambani, iwe mchana, iwe usiku wa manane. Mfugaji saa yake ni malisho. Na siku hizi wameongezeka wa kazi za mtandaoni, ambao tajiri yao yuko nchi ambako jua linachomoza wakati kwetu linazama.

Mimi ni mmoja wa hao wa mwisho. Tunajisifu kwamba hakuna wa kutusimamia. Lakini mgongo unauma, kitambi kimeota, na watoto hutukuta tumelala kila wanapotoka kwenda chuoni. Juzi mwanangu wa pili alimuuliza mama yake baba atarudi lini safari. Nilikuwa chumba cha pili, mlango nimeurudishia, nafanya kazi.

Neno lile lilinikaa. Na kwa kuwa sisi watu wa delta tuna mzee wetu ambaye hakuwahi kusimamiwa na mtu, nikarudi kumsoma upya. Huyo ni Fumo Liyongo wa Bauri.

Ukitoka Garsen kuelekea Lamu, ukafika Witu na kukata kwenda Kipini, umeingia katika nchi yake. Mlango wa Mto Ozi, magofu ya Ungwana, Shaka iliyotajwa katika masimulizi, yote ni pande hizo. Wazee huko wanakuonyesha hata lilipo kaburi lake. Wataalamu hawakubaliani aliishi karne gani. Waswahili wanamdai, Wapokomo wana habari zake, na Waorma, ambao vitabu vya zamani huwaita Wagala, ni wakwe zake. Askofu Edward Steere alichapa kisa chake mwaka 1870 alipokusanya hadithi za Kiswahili. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitia kwenye utendi, na ndio wengi tuliofundishwa shuleni. Mwaka 2004 tungo zinazonasibishwa naye zilikusanywa kitabuni na kufanyiwa uchambuzi. Basi ninayoyasema hapa ni ya masimulizi, na msomaji aliyeyasikia kwa nyanya yake kwa namna nyingine asinigombe.

Alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, mtoto wa Mbwasho, na alikuwa na umbo la kutisha. Urefu wake na nguvu zake ndizo zinazotangulia katika kila simulizi. Lakini nguvu hizo hazikuwa za kukaa. Liyongo alikuwa mtu wa kutembea. Wagala walipokuja Pate kwa biashara, Sultani aliwasifia Liyongo, nao wakataka kumwona. Akatumiwa mjumbe Shaka. Njia ambayo mtu wa kawaida huikata kwa siku kadhaa, yeye aliikata kwa siku moja. Alipokaribia mji alipiga panda mpaka ikapasuka, akachukua nyingine, nayo ikapasuka, hata ya tatu. Kisha akaweka mkoba wake chini, na vilivyotoka mkobani vilijaza nyumba: kinu na mchi, vyungu, jiwe la kusagia, hata mafiga ya jikoni. Mtu huyu alikuwa akitembea na nyumba yake mgongoni.

Watu hucheka hapo, na ni pa kuchekwa. Mimi sikucheka safari hii. Nilijitazama na mkoba wangu wenye kompyuta, chaja mbili na chupa ya chai, nikaona kwamba anayebeba kazi yake yote popote aendapo si lazima awe huru.

Tuje kwenye uta. Kazi ya Liyongo ilikuwa uta. Mtu anaona upigaji mishale kama kipaji, kumbe ni mazoezi. Uta mzito hauvutwi na mkono uliolala miezi miwili. Bega, kifua, kiuno, pumzi, vyote vinataka kurudiwa kila siku. Miongoni mwa tungo anazonasibishiwa upo wa kuusifu uta wake, na anayeusoma anaona mapenzi ya fundi kwa chombo anachokishika kila kukicha. Hakuhitaji kutenga saa ya mazoezi, kwa sababu kazi yenyewe ndiyo iliyomjenga. Mkulima wa Ozi angali hivyo, na mvuvi wa Kipini. Sisi tuliokaa vitini ndio inatubidi tununue jasho.

Uta huo ndio uliomwokoa katika kisa cha kikoa. Wakati huo Sultani wa Pate alikuwa ameshaingiwa na hofu juu ya kiti chake. Liyongo alipata habari akahamia bara, akaishi mwituni na Wasanye na Wadahalo. Sultani akawaahidi wale wenyeji reale mia wamletee kichwa chake. Wakabuni kula kikoa cha makoma: leo huyu apande mkoma awaangulie wenzake, kesho yule, na zamu ya Liyongo itakapofika, akiwa juu ya mti mikono imeshughulika, wamfume kwa mishale. Zamu ikafika. Liyongo akachagua mkoma mrefu kuliko yote, akasimama chini, akatia mshale utani, akawaangushia makoma mpaka wakatosheka. Hakupanda. Wale watu wakapeleka habari Pate kwamba mtu huyu hawamuwezi.

Kikoa chenyewe, ukiondoa njama, ni jambo zuri sana. Ni watu wasio na tajiri wanaopangiana zamu ili kila mtu apate siku yake ya kazi na siku zake za kula kwa raha. Tungekuwa nacho sisi wa mtandaoni, wa usiku asingekuwa peke yake.

Upande wa pili wa Liyongo ni gungu. Waswahili wa zamani walikuwa na gungu la kufunda na gungu la kukwaa, ngoma za waungwana zilizochezwa hasa katika harusi, na mashairi yake yaliimbwa papo kwa papo. Liyongo alikuwa bingwa wa vyote viwili, mguu na neno. Ukisoma tumbuizo zake unakutana na mtu anayesifu mwanamke, anayesifu karamu, anayependa kukaa na watu. Hakuwa mpiganaji mchana kutwa. Kila nikitazama maisha yake naona kwamba starehe yake ilikuwa na jasho, na jasho lake lilikuwa na wenzake. Hakuna aliyecheza gungu peke yake chumbani.

Na gungu lilimtoa gerezani. Hatimaye alinaswa Pate, akafungwa, pingu mikononi na minyororo miguuni, walinzi mlangoni zamu kwa zamu. Mama yake Mbwasho alikuwa akimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi wao Saada. Chakula kizuri walinzi walikula wao, mabaki ndiyo yaliyomfikia. Liyongo alipoambiwa auawa, na kwamba aombe la mwisho, aliomba gungu. Akamtuma Saada kwa mama yake kwa maneno ya fumbo, ndani ya wimbo ambao walinzi waliusikia na wasiuelewe: mama aandae mkate wa pumba, ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona mkate wa pumba waliudharau, wakaupitisha. Usiku wa ngoma watu walijaa nje. Yeye aliwafundisha wimbo kutoka ndani, wakaitikia kwa matoazi na upatu, na kila kelele zilipopanda yeye alikata chuma. Zilipotulia, akatulia. Pingu zilipokwisha alivunja mlango, akawapita watu waliotimua mbio, akamuaga mama yake, akarudi mwituni.

Hapo wengi huishia kumsifu Liyongo. Mimi namsifu Mbwasho. Yeye ndiye aliyejua hali ya mwanawe kila siku, alichokula na alichonyimwa, na kwa sababu ya kumjua vile, fumbo moja lilimtosha. Asingelielewa kama angekuwa mtu wa kuuliza habari mara moja kwa mwaka.

Sasa tufike kwa mtoto. Wale Wagala waliomwona Pate walitaka kupata mbegu ya shujaa huyu, wakamwoza binti wao. Alizaliwa mtoto wa kiume, akakua mzuri wa sura na mwenye nguvu za baba yake. Baba alikuwa wapi? Alikuwa mwituni, vitani, safarini, katika gungu. Nakubali kwamba mkimbizi hana ratiba, na mtu anayewindwa hawezi kukaa sebuleni akamfundisha mwanawe kuvuta uta. Simlaumu kwa hilo. Lakini nikihesabu mambo ambayo masimulizi yanatuambia Liyongo aliyafanya kwa ustadi, kutembea, kulenga, kutunga, kucheza, kuvunja minyororo, sikumbuki hata moja alilolifanya pamoja na kijana yule. Saa zote zilikuwa zake, na kijana hakupewa hata moja.

Sultani aliliona pengo hilo. Alimwita kijana, akamkirimu, akamkalisha karibu, akamwahidi binti yake na cheo. Akampa kile ambacho kijana wa umri ule hutaka kwa mtu mzima: muda na sikio. Kisha akamwambia sharti, ajue kwa baba yake ni silaha gani inayomuua.

Kijana akaenda. Liyongo alifurahi kumwona, furaha ya mzee ambaye mgeni wake ni mwanawe. Siku zikapita. Siku moja kijana akauliza. Wapo wasimuliao kwamba baba alishuku, akajua ametumwa, na hata hivyo akajibu, kwa sababu hakuweza kumnyima mwanawe jambo aliloliomba. Mkuki haumdhuru, wala mshale. Kinachomuua ni sindano ya shaba, nayo ichomwe kitovuni. Mimi nawafuata wasimulizi hao. Nadhani Liyongo alitambua wakati ule kwamba hilo ndilo swali la kwanza la maana ambalo mwanawe amemuuliza maishani, na limekuja limechelewa, na limekuja na sumu.

Kijana alirudi Pate, akapewa sindano, akarudishwa kwa baba. Hakuweza mara moja. Alimkaribia mzee amelala, akamwogopa, akarudi nyuma. Barua ikaja kutoka Pate kumhimiza kwamba harusi imeandaliwa, wanamngoja yeye tu. Ndipo siku moja Liyongo akiwa usingizini, kijana akamchoma kitovuni, akakimbia.

Liyongo aliamka na maumivu, akatwaa uta wake, akatoka hadi karibu na kisima cha mji, mahali watu wanapotekea maji. Akapiga goti moja, akatia mshale utani, akavuta, akalenga. Akafa hivyo hivyo, bila kuanguka.

Wanawake waliokuja kuteka maji walimwona na kurudi mbio. Mji mzima ukajifungia. Hakuna aliyethubutu kupita mbele ya mshale ule, na kiu ikaingia majumbani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakubwa wa mji wakaenda kwa Mbwasho wamwombe azungumze na mwanawe, awaachie kisima. Mama akaenda, akasimama mbali kidogo, maana naye alidhani ana hasira. Akambembeleza, akamsemea maneno ya kumtuliza, asijibiwe. Akarudi nyumbani. Kesho yake akaenda tena, akambembeleza tena. Siku chache baadaye mwili ukaanguka wenyewe, na ndipo watu wakasogea, wakaiona sindano.

Kijana hakumpata yule binti. Wengine wanasema Sultani alimuua, wengine wanasema alinyang'anywa kila alichopewa, akaugua, akafa. Mbwasho ndiye aliyebaki na msiba.

Nilipomaliza kusoma ilikuwa saa 10 na nusu jioni, na nilikuwa na kazi ya mtu wa ng'ambo ambayo haijafikia nusu. Nilifunga kompyuta. Nikamchukua mwanangu wa pili tukaenda kwa miguu hadi ukingoni mwa mto, umbali ambao kwangu ni mazoezi na kwake ni safari. Alitaka kujua mamba wanalala wapi. Kisha akataka kujua kwa nini natweta. Nilimjibu yote mawili, taratibu, na tuliporudi giza lilikuwa limeshaingia.