Pierre Toussaint na Kanisa la Wageni

Wakatoliki wa mji wa New York, huko Marekani, hawakuanza na kanisa la fahari. Wakati wa utawala wa Waingereza, sheria ya mwaka 1700 ilimtishia kila padre aliyekanyaga nchi ile kifungo cha maisha. Waingereza walipoondoka mwaka 1783, na sheria ile ilipofutwa mwaka uliofuata, waamini wachache walijitokeza hadharani: watu wa Ireland, Wafaransa, Wajerumani na Wahispania, wengi wao vibarua na watumishi. Mwaka 1785 walianza kujenga kanisa katika mtaa wa Barclay, wakisaidiwa na sadaka ya mfalme wa Hispania, wakaliweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Petro. Wenyeji wengi hawakuwapenda watu hao wa kuja wala dini yao. Katika mkesha wa Noeli wa mwaka 1806 kundi lenye chuki lililizunguka kanisa hilo.

Katika kanisa hili la wageni alisali mtumwa mmoja mweusi, jina lake Pierre Toussaint. Kwa hesabu iliyozoeleka, alizaliwa mwaka 1766 katika koloni la Wafaransa la Saint-Domingue, nchi iitwayo leo Haiti, akaletwa New York mwaka 1787 na bwana wake, Jean Bérard. Bwana huyo alimtia katika kazi ya kutengeneza nywele za mabibi. Baadaye Bérard alirudi kisiwani akafia huko, na mali ya nyumba yake ikapotea katika machafuko ya nchi ile. Mjane wake akabaki fukara katika mji wa ugenini. Ndipo mtumwa akamlisha bibi yake. Mabibi matajiri wa mji walimlipa Toussaint vizuri, naye kwa mapato hayo aliitunza nyumba ile mpaka mwaka 1807, bibi yule alipomwachia huru muda mfupi kabla ya kufa.

Wako waliomlaumu Toussaint kwa upole huo, wakisema ulikuwa unyonge. Lakini na watazame jinsi alivyotumia fedha zake. Alimkomboa dada yake Rosalie. Alimkomboa pia Juliette, aliyefunga naye ndoa mwaka 1811, na watu wengine vilevile, miaka mingi kabla utumwa haujakomeshwa katika jimbo la New York mwaka 1827. Mtu asiyejua thamani ya uhuru hawanunulii wenzake uhuru kwa jasho lake.

Siri ya maisha yake tuitafute katika kanisa la mtaa wa Barclay. Kwa muda wa miaka zaidi ya 60 alihudhuria pale Misa Takatifu kila siku asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Alikwenda kwa miguu, na kwa miguu alizunguka mji mzima siku nzima kutoka nyumba hata nyumba, kwani magari ya farasi ya abiria hayakuwapokea watu weusi. Alichopokea altareni alikigawa njiani. Homa ya manjano ilipouvamia mji, na wenye uwezo wakakimbia, yeye aliingia katika mitaa iliyofungwa ili awauguze walioachwa. Yeye na Juliette waliwapokea watoto yatima nyumbani mwao, wakawalea na kuwatafutia kazi. Alikusanya sadaka kwa ajili ya nyumba ya yatima iliyotunzwa na masista wa Mtakatifu Elizabeth Seton. Naye Elizabeth mwenyewe alipokelewa katika Kanisa Katoliki pale pale kwa Mtakatifu Petro, mwaka 1805.

Msalaba haukumpita. Mwaka 1829 alifiwa na Euphemia, binti ya dada yake, aliyemlea kama mtoto wake wa kuzaa. Moto mkubwa wa mwaka 1835 ulimpotezea sehemu kubwa ya akiba yake. Rafiki zake walipotaka kumchangia alikataa, kwa kuwa wako waliokuwa na shida kumzidi.

Lakini jeraha moja lilitoka mahali pasipostahili. Mwaka 1842 Toussaint na mkewe walikwenda kusali katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrisi. Mlangoni msimamizi mmoja aliwakatalia nafasi kwa sababu ya rangi yao. Mzee huyu alikuwa amelisaidia Kanisa kwa fedha na kwa mikono yake kwa miaka mingi! Mkuu wa wadhamini wa kanisa hilo alimwandikia kumwomba radhi. Toussaint hakuliacha Kanisa. Aliendelea na Misa yake ya kila siku, maana alijua kwamba nyumba ile ni ya Mungu, wala haikuwa mali ya bawabu.

Alifariki tarehe 30 Juni 1853, akazikwa karibu na mkewe na Euphemia katika makaburi ya kanisa lile lile alikokatazwa kuingia. Mwaka 1990 mabaki yake yalihamishiwa chini ya altare ya Kanisa Kuu jipya, mahali wanapozikwa maaskofu wa New York. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alithibitisha kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa ushujaa.

Wasomaji wapendwa, kanisa la wageni mjini laweza kuwa dogo, bila mnara wala kengele ya maana. Utukufu wake ni huu, kwamba mtu asiye na kwao hupata humo kwao, akishapiga magoti mbele ya Ekaristi Takatifu. Lakini mlango wake waweza kufungwa na mmoja wetu, kwa jicho la dharau tu, au kwa kukataa kusogea benchini. Dominika ijayo atafika parokiani mtu ambaye hatumjui, mwenye lugha nyingine au nguo iliyochakaa. Tumpishe nafasi, maana hatujui ni mtakatifu gani amesimama mlangoni.