Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi nchini Uganda kwa miaka 20. Anajulikana kwa saratani ya watoto inayoitwa limfoma ya Burkitt, na pia kwa utafiti juu ya chakula na magonjwa ya utumbo.

Maisha

Alizaliwa Enniskillen, ambayo sasa ni sehemu ya Ireland ya Kaskazini. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alisomea tiba Dublin. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa mpasuaji wa jeshi la Uingereza nchini Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kisha akahamia Hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Huko, mwaka 1957, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya. Alitoa makala juu ya ugonjwa huo mwaka uliofuata. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini wakipitia Tanganyika, takriban kilomita 16,000 kwa wiki 10, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama ugonjwa huo upo. Sampuli alizotuma London zilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kugundua kirusi cha Epstein-Barr mwaka 1964.

Utafiti wa utumbo

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Alikumbuka kwamba Mulago aliwaona Waafrika wachache sana wenye ugonjwa wa kidole tumbo au saratani ya utumbo mpana, magonjwa ya kawaida Uingereza. Alidhani sababu ni nyuzinyuzi (makapimlo) katika chakula. Njia yake ilikuwa rahisi: watu walimeza vipande vidogo vya plastiki, kisha vinyesi vyao vikapimwa uzito na muda. Katika matokeo ya 1972, wanakijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku na chakula kilipita kwa saa 36 hivi. Kundi moja la Waingereza lilitoa gramu 104, kwa saa 83.

Kipimo hicho huonyesha mwendo wa chakula, si kuumia kwa ukuta wa utumbo. Hilo siku hizi watafiti hulitafuta katika damu, kwa mfano kwa kupima sitrulini, ambayo hupungua seli za utumbo mwembamba zinapokufa.

Wapinzani walisema kwamba jamii hizo zilitofautiana kwa mambo mengi kuliko nyuzinyuzi tu, na hoja hiyo ina uzito. Majaribio mawili makubwa yaliyotolewa mwaka 2000 hayakuonyesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi huzuia vinyama vya utumbo mpana kurudi. Hata hivyo, ushauri wa kula nafaka zisizokobolewa umebaki.

Alifariki Gloucester, Uingereza.