Habari za Bwana Robert Koch na Maradhi ya Malale

Ewe ndugu msomaji wa Mkolani na wa pwani zote za Ziwa letu, zisome habari za mganga huyu, kwani alifika Mwanza, na katika kazi yake mna la kushukuriwa na mna la kuonyeka nalo.

Robert Koch alizaliwa Clausthal, katika nchi ya Wadachi, tarehe 11 Desemba 1843. Alisoma uganga, akawekwa mganga wa wilaya, na huko akabainisha mwaka 1876 ya kuwa kimeta huletwa na vijidudu visivyoonekana ila kwa darubini. Mwaka 1882 akatangaza kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa tuzo ya Nobel.

Hata mwaka 1906 akaja Ziwani kwa ajili ya malale, yaliyokuwa yameangamiza makumi ya maelfu ya watu upande wa Uganda. Akafika Mwanza, kisha akavuka kwenda visiwa vya Sese, akakaa hata 1907. Akawadunga wagonjwa dawa iitwayo Atoxyl. Wengi wakapata nafuu, lakini nafuu haikudumu. Na kipimo kilipozidishwa, baadhi yao wakapofuka, wasione tena. Watu wakaiogopa sindano, wengine wakatoroka. Naye akashauri wagonjwa wakusanywe makambini, na vichaka vya pwani wakaamo mbung'o vifyekwe. Serikali ya Kidachi ikaufuata ushauri huo.

Upande wa Uganda, Gavana Hesketh Bell, kwa kupatana na wakuu wa Buganda, akawaondoa watu pwani. Na ilipofika 1909 hata watu wa Sese wakahamishwa, wakaacha migomba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao.

Je, ilikuwa haki? Mbung'o hupata vijidudu vya malale kwa kumwuma mgonjwa, akavipeleka kwa mzima. Basi kuwatenga watu na mbung'o kulikuwa na maana, na uhuru wa mtu haufiki hata kumwangamiza jirani yake. Nasi twajua ya kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kuingia nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia. Lakini Sayyidna Umar, alipopata habari ya tauni ya Shamu akiwa njiani, hakurejea Madina ila baada ya kuwataka shauri Muhajirina, na Ansari, na wazee wa Kikureshi, akavumilia kupingwa na Abu Ubaida mbele ya watu. Mvuvi wa Sese hakutakwa shauri namna hiyo, wala aliyepofuka hakurudishiwa macho yake.

Bwana Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Elimu yake imebaki kwa faida ya viumbe. Nasi tushike haya mawili: atakiwaye kuacha nyumba yake kwa usalama wa wote, na aulizwe na kuambiwa kweli, na hao wote waliosalimika, na wamlishe na kumsitiri.