Kidaha Makwaia

David Kidaha Makwaia (1922 - 2007) alikuwa mtemi wa Usiha (pia: Busiya) huko Usukuma na mwanasiasa wa Tanganyika, leo sehemu ya Tanzania. Mwaka 1945 alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwingine alikuwa Abdiel Shangali wa Machame.

Maisha ya awali

Alikuwa mwana wa mtemi Makwaia wa Usiha. Utemi huo ulikuwa katika wilaya ya Shinyanga ya wakati wa ukoloni, ambayo ilijumuisha pia Tinde. Leo eneo la Usiha limo katika wilaya ya Kishapu. Alisoma Tabora na Makerere (Uganda), kisha Chuo cha Lincoln katika Chuo Kikuu cha Oxford (Uingereza). Alilelewa katika Uislamu, lakini baadaye alijiunga na Kanisa Katoliki.

Utawala na siasa

Elimu yake na nasaba yake vilimfanya aaminiwe na serikali ya kikoloni, iliyotawala vijijini kupitia watemi. Gavana Edward Twining alimteua pia katika Baraza la Utendaji.

Mwaka 1953 aliteuliwa katika Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, chini ya uenyekiti wa Hugh Dow. Alikuwa Mwafrika pekee kati ya wajumbe wake. Tume ilichunguza ardhi, idadi ya watu, kilimo na hali ya miji katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Taarifa yake ya mwaka 1955 ilipendekeza umilikaji binafsi wa ardhi. Kuhusu miji, ilitaka Waafrika wahesabiwe kuwa wakazi wa kudumu, si vibarua wa kupita tu, hivyo wapate makazi ya uhakika na mishahara ya kutosha kutunza familia. Hoja ya umilikaji binafsi ilipingwa na Julius Nyerere, aliyeona kwamba ardhi isigeuzwe kuwa bidhaa.

Mwandishi Mohamed Said ameeleza kwamba Abdulwahid Sykes alitaka Kidaha aongoze chama cha TAA, lakini Kidaha hakukubali. Mwaka 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA, na mwaka uliofuata chama hicho kikageuzwa kuwa TANU.

Kuacha utemi

Kidaha alijiuzulu utemi mwaka 1954. Wakati huo wakulima wa Usukuma walikuwa wakichukizwa na amri za serikali kuhusu kilimo na kupunguza mifugo, ambazo watemi walitakiwa kuzisimamia. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ilizuia TANU kufanya kazi Usukuma. Mwaka 1958 maelfu ya watu waliandamana dhidi ya halmashauri ya rangi mchanganyiko huko Geita, na serikali ikalazimika kurudi nyuma.

Baada ya uhuru

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya watemi kisheria. Kidaha mwenyewe, ingawa alikuwa ameacha utemi miaka mingi kabla, alihamishiwa kwa muda Tunduru, kusini mwa nchi, mbali na Usukuma. Baada ya hapo hakurudi tena katika uongozi wa kitaifa. Alifariki mwaka 2007.